Mshika Mawili: Kisa cha Alan Page

Oktoba 1978, msimu ukiwa umekwisha kuchezwa mechi sita, klabu ya futiboli ya Kimarekani ya Minnesota Vikings ilimwacha Alan Page. Hakuwa majeruhi wala hakuwa amefanya utovu wa nidhamu. Alikuwa mlinzi wa kwanza kabisa kutunukiwa na shirika la habari la AP tuzo ya Mchezaji Bora wa Msimu katika ligi ya NFL, na mpaka leo ni mlinzi mwingine mmoja tu, Lawrence Taylor mwaka 1986, aliyeipata. Chicago Bears wakamchukua kwa ada ya kawaida ya kuokota mchezaji aliyeachwa: dola 100.

Dola mia ndizo zilizonifanya nikichambue kisa hiki. Watu wanapokisimulia hukipanga kama ngazi: kijana alicheza mpira, akastaafu, akasoma sheria, akawa jaji. Inapendeza kusikiliza, ila sivyo mambo yalivyokwenda. Page alimaliza shahada ya sheria mwaka huohuo wa 1978, miezi michache tu kabla ya kuachwa. Mpira na sheria havikufuatana, vilikwenda bega kwa bega. Wahenga wetu wana neno lao kuhusu mshika mawili, kwamba moja humponyoka, nami nataka kuona kama lilimpata.

Kwa msomaji ambaye futiboli ya Kimarekani huiona kwa mbali, ile ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai, nieleze kidogo. Mchezo huchezwa kwa vipande vifupi vya sekunde chache. Kila kipande huanza mistari miwili ya majitu ikiwa imeinamiana, pua kwa pua. Mpira ukichomolewa tu, wanavaana. Page alicheza katikati ya mstari wa ulinzi, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa mtu mzito wa kuziba shimo asipite mkimbiaji wa upande wa pili. Kazi ya kisiki, kwa maneno mengine. Ila yeye hakucheza kama kisiki. Chuoni alikuwa amecheza pembeni, wanakocheza wenye mbio, na alipohamishiwa katikati alihama na mbio zake. Mpira ukichomolewa, alikuwa keshapenya kati ya wazuiaji wawili kabla hawajanyoosha magoti. Kotabeki, yaani mrushaji mpira wa wapinzani, akiinua macho kutafuta wa kumrushia, anamkuta Page kifuani.

Alizaliwa Canton, jimbo la Ohio, tarehe 7 Agosti 1945. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 13. Baba yake aliendesha baa. Mwaka 1963 Canton ilikuwa ikimalizia jengo la Jumba la Heshima la wachezaji wa futiboli ya kulipwa, na mmoja wa vibarua wa ujenzi huo alikuwa kijana huyu aliyekuwa anamaliza sekondari. Mwaka 1988 alirudi mjini kwao kuingizwa katika jumba hilohilo. Hii ni sadfa ya kuambatisha kwenye picha, haielezi kitu. Lakini mwandishi gani angeiacha?

Kutoka Canton alikwenda Chuo Kikuu cha Notre Dame, akawa bingwa wa vyuo mwaka 1966, akahitimu sayansi ya siasa mwaka 1967. Vikings walikuwa na nafasi tatu za raundi ya kwanza mwaka huo. Yeye alikuwa wa mwisho kati ya watatu hao, wa 15 kwa jumla. Mwaka huohuo timu ilipata kocha mpya, Bud Grant. Walifika pamoja. Jina la Grant lishikeni.

Kuna jambo ambalo wasimulizi wengi huliruka. Ndoto ya sheria alikuwa nayo tangu utotoni, na mapema katika maisha yake ya mpira alijiandikisha katika chuo cha sheria cha William Mitchell kule St. Paul. Akaacha baada ya wiki chache. Mara ya kwanza aliposhika mawili, basi, moja lilimponyoka mapema sana, na lilikuwa ni sheria.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mpira. Safu ya mbele ya ulinzi ya Vikings, yaani Page, Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen, ilipewa jina la Wala Watu wa Zambarau, kwa rangi ya jezi zao. Walicheza nyumbani Bloomington, uwanja usio na paa, katika Minnesota, jimbo ambalo Desemba yake huumiza mapafu, na Grant alikataza viyoyozi vya joto kando ya uwanja. Wageni walifika wakitetemeka. Mwaka 1969 Vikings walifungwa pointi 133 kwa msimu mzima wa mechi 14. Mwaka 1970 pointi 143. Mwaka 1971 pointi 139. Ni wastani wa pointi kumi kwa mechi, au pungufu kidogo, kwa miaka mitatu mfululizo, na katika mchezo huu hiyo ni kama langoni kumewekwa ukuta wa zege. Ndipo mwaka 1971 Page akapewa ile tuzo.

Fainali za Super Bowl nizipitie haraka, maana hazina raha. Alicheza nne, akapoteza zote: kwa Kansas City 23 kwa 7, kwa Miami 24 kwa 7, kwa Pittsburgh 16 kwa 6, kwa Oakland 32 kwa 14. Hana pete ya ubingwa hata moja.

Huku uwanjani akivuma, katika chumba cha kubadilishia nguo alikuwa mtu wa chama. Wachezaji wenzake walimchagua kuwa mwakilishi wao katika chama cha wachezaji kuanzia mwaka 1970, na kati ya 1972 na 1975 alikaa kwenye kamati tendaji ya taifa. Maana yake alikuwa ndani ya uongozi wakati wa mgomo wa mwaka 1974, mgomo ulioshindwa. Jambo lililowaudhi wachezaji zaidi ni kanuni iliyoitwa kwa jina la kamishna wa ligi, Pete Rozelle. Mkataba wako ukiisha, unaweza kuhama, sawa. Lakini klabu itakayokuchukua lazima iifidie klabu yako ya zamani, na wasipoelewana, kamishna mwenyewe ndiye atakayepanga fidia: wachezaji, nafasi za kusajili chipukizi, chochote atakachoona kinafaa. Ni klabu gani itakayonunua mbuzi kwenye gunia, bei itajwe baadaye? Basi hakuna aliyehama. Wachezaji wakaenda mahakamani chini ya jina la John Mackey, na Page akiwa mmoja wa walalamikaji. Kesi ilisikilizwa Minneapolis, na mwishoni mwa 1975 jaji akaamua kwamba kanuni ile inavunja sheria ya ushindani. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye juu ya kanuni hiyo.

Sasa tazama tarehe. Mwaka uleule wa 1975, katika jiji lilelile, Page alianza masomo ya sheria kwa mara ya pili, safari hii katika Chuo Kikuu cha Minnesota, kama mwanafunzi wa kutwa. Jina lake lilikuwa kwenye jalada la kesi ya shirikisho huku yeye mwenyewe akijifunza namna kesi hizo zinavyoandikwa. Simlaumu mwalimu aliyekosa mfano wa kumpa. Mfano ulikuwa umekaa mbele yake, kiti kimembana.

Katika miaka hiyohiyo ndipo alipoanza kukimbia. Mke wake, Diane, alikuwa akijitahidi kuacha sigara na akaanza mazoezi ya kukimbia. Mume akamfuata, mke akamwachia njia, mume akaendelea. Kilomita zikaongezeka, uzito ukapungua. Mtu aliyekuwa akicheza na kilo 111 akashuka hadi kilo 100 na kitu.

Kwa hiyo ifikapo Oktoba 1978 kwenye meza ya Grant kuna mambo matatu: mlinzi wa katikati aliyekonda, mwenye miaka 33, mtu wa chama ambaye jina lake liko kwenye kesi iliyoishinda ligi, na mhitimu wa sheria ambaye mpira si riziki yake pekee tena. Ni lipi lililomwondoa?

Sababu iliyotolewa ilikuwa uzito. Tumtendee Grant haki: haikuwa sababu ya kubuni. Mlinzi wa kilo 100 akisukumwa na wazuiaji wenye kilo 115 au 120, mpira ukipigwa moja kwa moja katikati, anarudi nyuma, hakuna miujiza. Kocha anayetaka kisiki asilaumiwe kwa kukataa mkwaju. Tena Grant alikuwa mtu wa mpangilio, na mchezaji anayekwenda na saa yake mwenyewe humsumbua mtu wa namna hiyo hata kama anacheza vizuri. Wapo wanaoamini chama ndicho kilichomponza. Mimi naona hoja hiyo ina mashiko lakini haina uthibitisho, nami sitaifanya hukumu.

Ninachoweza kuhukumu ni hesabu. Misimu 11 ya mechi 14, kuanzia 1967 hadi 1977, ni mechi 154. Ongeza sita za 1978 kabla ya kuachwa: 160. Chicago alicheza kumi zilizobaki, kisha misimu mitatu kamili ya mechi 16: 58. Jumla ni 218. Na 218 ndiyo idadi ya mechi zote za kawaida ambazo timu zake zilicheza kwa miaka 15. Hakukosa hata moja. Kukosa moja ingetosha kiwiko kuteguka tu, au homa. Mtu huyu katikati ya miaka hiyo alikaa madarasani miaka mitatu kusoma sheria ya mikataba na mwenendo wa jinai. Kama masomo yalimwibia mpira, basi yalimwibia usiku, wakati mpira umelala.

Na kuna jambo linalozifanya dola 100 zionekane kwa sura nyingine. Kocha mkuu wa Chicago mwaka 1978 alikuwa Neill Armstrong, aliyekuwa ameongoza ulinzi wa Vikings kwa miaka kadhaa mpaka msimu uliotangulia. Msaidizi wake wa ulinzi alikuwa Buddy Ryan, ambaye kwa misimu miwili alikuwa amefundisha safu ya mbele ya Vikings, yaani alimfundisha Page mwenyewe. Bears hawakubahatisha. Waliokota mtu waliyemjua ndani nje. Walijua amekonda, na walijua pia kwamba anachokifanya hakikuwahi kutegemea kilo. Wakamwacha apenye. Alimaliza mpira wake Desemba 1981, akiwa mchezaji wa kuanza, na katikati ya kipindi hicho, Juni 1979, alikimbia marathoni nzima kule Duluth, pembeni ya Ziwa Superior. Hakuna mchezaji wa NFL aliye kazini aliyekuwa amewahi kumaliza marathoni kabla yake. Miguu ileile iliyomfanya aonekane mwepesi mno.

Jibu langu kwa wahenga, basi: ndiyo, kuna kilichomponyoka, nacho ni Vikings. Mpira haukumponyoka.

Tangu 1979, msimu ukiisha, alifanya kazi katika kampuni ya mawakili Minneapolis. Alipoacha mpira akabaki huko hadi 1984, kisha akaingia ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo mwaka 1985. Hakupanda kwa kelele. Ukisoma wasifu wake wa miaka hiyo unaweza kupiga mwayo, na nadhani ndivyo alivyotaka. Halafu ikaja 1992.

Minnesota huchagua majaji wake kwa kura, lakini kwa desturi kura hizo huwa za kupitisha tu. Jaji hustaafu kabla kipindi chake hakijaisha, gavana anateua wa kujaza nafasi, na aliyeteuliwa anaingia kwenye uchaguzi akiwa tayari amekalia kiti; nani atamng'oa? Page alitaka kuingia Mahakama ya Juu ya jimbo kwa mlango wa wapigakura, na mwaka 1992 kulikuwa na kiti ambacho kipindi chake kilikuwa kinaisha. Gavana Arne Carlson akamwongezea muda jaji aliyekuwa nacho, Lawrence Yetka, akitumia sheria iliyoruhusu jaji asogezewe muda ili afikishe masharti ya mafao ya kustaafu. Muda ukiongezwa, uchaguzi unafutika. Page alipopeleka fomu zake, hakukuwa na cha kugombea.

Akaenda mahakamani. Mahakama ipi? Hiyohiyo ya Juu. Majaji hawakuweza kuamua kesi inayohusu kiti cha mwenzao, wakajitoa, likaundwa benchi la muda la kuketi mahali pao. Benchi hilo likakubaliana na Page: kuongeza muda kwa namna ile kuliwanyang'anya wananchi haki yao ya kuchagua, na kura ipigwe. Ikapigwa Novemba, akashinda. Januari 1993 akakaa katika mahakama ambayo haikuwahi kuwa na jaji Mweusi tangu jimbo lizaliwe.

Naomba msomaji aweke sambamba kisa cha Rozelle na hiki, avilinganishe. Kote kuwili kuna mlango ambao kwa maandishi uko wazi: mchezaji anaruhusiwa kuhama, raia anaruhusiwa kugombea. Kote kuwili kuna mkubwa mmoja mwenye madaraka ya kuamua baadaye, na madaraka hayo yanaufunga mlango bila kuutia komeo. Page hakudai mlango mpya. Alishika maandishi yaliyopo akauliza: hili limeandikwa hapa, mbona halitendeki? Ndiyo maana nasita kusema mpira ulimfundisha sheria. Pengine chama ndicho kilichomfundisha, na mpira ulilipa karo.

Alirudishwa na wapigakura mwaka 1998, 2004 na 2010. Mwaka 2009, katika mzozo wa kiti cha Minnesota katika Seneti ya Marekani kati ya wagombea Norm Coleman na Al Franken, jaji mkuu alijitoa kwa sababu alikuwa amekaa kwenye bodi ya kuhesabu kura, na Page ndiye aliyeteua majaji watatu wa kuisikiliza kesi hiyo. Tofauti ilikuwa kura 312 kati ya karibu milioni tatu.

Watoto, lakini, hawamwulizi habari za Seneti. Huuliza habari za kidole. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilitenguka mara nyingi uwanjani mpaka kikakataa kurudi. Kimetoka pembeni, karibu pembe mraba, kama kinaelekeza njia ya mtaa mwingine. Pamoja na binti yake Kamie alikitungia kitabu cha watoto. Huvaa tai ya kipepeo, na marathoni ya Twin Cities ikipita, yeye husimama kando ya barabara akipuliza susafoni, lile tarumbeta kubwa linalojizungusha mwilini kama chatu, kuwatia moyo wakimbiaji.

Habari ya watoto si ya pembeni kwake. Siku ya kuingizwa Jumba la Heshima, wenzake humleta jukwaani kocha au mchezaji wa zamani. Yeye alimchagua mkuu wa shule ya sekondari ya Minneapolis. Katika hotuba alisimulia jinsi kocha wa Vikings alivyowataka walinzi wasome kwa zamu kitabu cha mbinu za mchezo. Wengine walisoma bila taabu, wengine kwa kujikongoja, na wengine hawakuweza kabisa, ilhali karibu wote walikuwa wamepitia chuo kikuu. Mwaka huo wa 1988 yeye na Diane walianzisha mfuko wa kuwasomesha vijana Weusi na wa jamii nyingine zisizo za Wazungu wa Minnesota, kwa sharti kwamba anayepewa fedha ajitolee muda wake kuwasaidia watoto wadogo wa shule. Minnesota ya leo ina Wasomali wengi na Wakenya si haba. Watoto wao wamo katika jamii hizo. Januari 2020, pamoja na Neel Kashkari wa benki kuu ya kanda ya Minneapolis, alipendekeza katiba ya jimbo itamke kwamba elimu bora ya umma ni haki ya kila mtoto. Chama cha walimu kilipinga. Page alikuwa akitaka tena kitu kilichoandikwa, cha kushikia.

Diane alifariki Septemba 2018. Novemba mwaka huo Page alipewa Nishani ya Uhuru ya Rais.

Kiti chake mahakamani alikuwa amekiachia mapema. Sheria ya Minnesota humtaka jaji ang'atuke mwezi anaotimiza miaka 70. Yeye aliitimiza tarehe 7 Agosti 2015. Akamaliza mwezi, na tarehe 31 akaondoka, bila kuongezewa siku.